Ghorofa Ndani ya Duka la Mama Ritha

Kabla ya kupima ukuta, Nkwabi hupiga sakafu. Huinua mtaimbo, akaushusha taratibu, kisha akainamisha kichwa kama mtu aliyebisha hodi na kungoja kuitikiwa. Wateja wake wa Kahama na Geita wamekwisha kumzoea. Mama Ritha wa Bugarama alikuwa hajamzoea.

"Fundi, nimekuita uniongezee ghorofa humu ndani," alimwambia siku ya kwanza. "Hukuniambia kwamba unatafuta panya."

Nkwabi alicheka, akaendelea kupiga.

Duka la Mama Ritha liliuza kila kitu anachohitaji mchimbaji mdogo: mabuti, kofia ngumu, kamba, mipira ya maji, pampu. Bidhaa zilikuwa zimemfukuza mwenyewe, akawa anahudumia watu akiwa amekaa barazani. Kutanuka pembeni hakukuwezekana, maana majirani walijenga ukuta kwa ukuta. Lakini paa lilikuwa juu, futi ishirini kamili, na nusu nzima ya juu ya jengo ilikaliwa na popo. Hiyo ndiyo kazi ya Nkwabi: kusimamisha nguzo za chuma ndani ya jengo, kulaza boriti, kutandika sakafu katikati ya hewa, duka moja likawa mawili bila bati hata moja kuondolewa.

Kazi hii hakuisomea darasani. Alizaliwa Samuye, akachunga ng'ombe wa baba yake, na alipopata ndevu akafuata dhahabu kama wenzake. Huko machimboni alipewa kazi ya matimba, yaani magogo yanayozuia kuta za shimo zisianguke. Alikuwa hodari. Siku aliyougua malaria, mtu mwingine aliweka miti myembamba mahali pake. Alipopona, Nkwabi alishuka na rafiki yake Marcel, shimo likawafunga. Walikaa chini saa tisa, wakiimba nyimbo za kulimia ili walio juu wawasikie. Walipotolewa, Marcel alirudi chini baada ya wiki. Nkwabi alikwenda Kahama kujifunza kuchomelea vyuma, na tangu hapo hajasimamisha kitu bila kujua kinakanyaga nini.

Sasa, karibu na kaunta ya Mama Ritha, mtaimbo uliitika kwa sauti nyingine. Nkwabi akapiga tena.

"Hapa pana uwazi," alisema. "Niruhusu nitoboe."

"Utoboe sakafu yangu ya vigae?" Mama Ritha alishika kiuno. "Yuko fundi mwenzako aliyeniambia nguzo zinasimama juu ya sakafu hiihii, kwa siku nne tu."

"Tundu moja, mama. Nikikuta udongo mgumu, naziba, narudisha kigae, nakwenda zangu. Huyo mwenzangu aje."

Mama Ritha alimtazama, akaona mtu huyu hana mzaha. Akapisha.

Zege lilikuwa jembamba kama chapati. Sururu ilipopenya, udongo ulitoroka kwenda chini kwa sauti ndefu. Nkwabi alipiga magoti, akamulika kwa tochi ya simu, kisha akafunga jiwe kwenye kamba na kulishusha. Kamba ilikwenda futi thelathini na tano kabla ya kulegea. Lilikuwa duara, shimo la wachimbaji wa zamani, lililofukiwa juujuu na kujengewa. Nguzo kubwa ya yule fundi wa siku nne ingesimama palepale.

Mama Ritha aliketi juu ya katoni ya mabuti. "Miaka sita nilisimama hapo nikiuza," alisema kwa sauti ndogo. "Mwanangu Ritha alijifunzia kutembea hapo."

Huruma haikudumu, kwa sababu Masudi, jirani anayeuza simu, alikuwa amechungulia mlangoni. "Jamani! Mama Ritha ana duara dukani!" Haikupita nusu saa, mlango ukajaa watu. Wengine walikuja na makarai. Mmoja alijitolea kushuka bure, kwa makubaliano ya nusu kwa nusu.

Nkwabi alimwomba Mama Ritha karai moja. Akachota udongo wa ukingoni, akauosha mbele ya wote, akizungusha maji kwa mikono ambayo haikuwa imesahau. Watu walisogea karibu. Maji yalipokwisha, ilibaki changarawe na kipande cha kandambili.

"Waliochimba hapa walilala njaa," alitangaza. "Ndiyo maana hawakupoteza muda kulifukia vizuri."

Kicheko kililipuka. Masudi akaomba ile kandambili aitundike dukani kwake, watu wakatawanyika.

Kazi ilichukua wiki tatu. Duara lilishindiliwa mawe na zege hadi juu, lakini hata hivyo Nkwabi hakuliamini. Alihamisha nguzo, moja kila upande, mbali na ukingo, akazichimbia misingi mpaka udongo mgumu, kisha akalaza boriti nene ya chuma kuvuka katikati. Sakafu ilipokamilika, aliipandishia mifuko ya mchanga, akaiacha siku tatu, asubuhi na jioni akipima kama boriti inapinda. Haikupinda.

Siku ya kufungua, Mama Ritha alikwama ngazi ya nne. Alitazama chini, pale palipokuwa na duara. Mama yake, Bibi Zipora, aliyekuja kutoka Mhunze na ambaye hakuwahi kupanda ghorofa maishani, alimsukuma pembeni.

"Mwangaluka, fundi," alimwamkia kwa Kisukuma Nkwabi aliyekuwa juu. "Panabeba?"

"Mwangaluka, bibi. Panabeba hata ng'ombe."

Bibi alipanda akishika reli kwa mkono mmoja na kitenge kwa mwingine. Alifika juu, akakanyaga kwa tahadhari, kisha kwa nguvu, halafu akaanza kucheza, mabega yakitikisika, akijiimbia mwenyewe. Chini, wateja walipiga makofi. Mama Ritha aliona haya, akapanda haraka huku amefumba macho, na alipoyafumbua alikuwa amesimama kwenye upana ambao duka lake halikuwahi kuwa nao.

"Wabeja sana, Baba Mageni," alimshukuru Nkwabi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita fundi kwa jina la mtoto wake.

Nafasi yote ile ilikuwa ya mipira na pampu. Lakini Bibi Zipora aliona dirisha dogo la juu, ambako upepo unaingia na soko zima la Bugarama linaonekana, akaagiza aletewe kiti. Pampu zikasogezwa. Siku hiyo Nkwabi alichelewa basi la Kahama, kwa sababu bibi alimkataza kushuka kabla hajamaliza sahani ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, na kabla hajamweleza yeye, duka kwa duka, kwa vile wiki tatu zilimtosha kuyajua, yale majengo mengine yote yaliyotanda kule chini ni ya nani.