Unyoya wa Tai Ulioanguka Uwanjani

Leander Kingbird alipotimiza mwaka kaburini, jamaa zake walikusanyika katika ukumbi wa kando ya ziwa, wampikie na wamkumbuke. Kwao Waojibwe, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, sahani ya kwanza huwa ya marehemu, kisha kila mtu husimama na neno lake. Neno la Corinne, mjukuu aliyelelewa na mzee huyo, lilikuwa limemkwama kooni miaka mitatu.

La kusifia halikukosekana. Mzee aliishi miaka tisini na moja. Alikwenda vita vya Korea kijana mbichi, akarudi vidole viwili vya mguu vimeliwa na baridi, na mtu akimwuliza habari za vita alijibu kwamba chakula kilikuwa kibaya. Alikata magogo miaka thelathini. Kila msimu wa mavuno aliingia ziwani na mtumbwi kupukutisha mpunga unaoota majini, mkewe Eunice akisukuma upondo, wakigombana njia nzima. Corinne alipomaliza shule, mzee alimpa unyoya wa tai, akamfungia nyweleni kwa mkono wake.

Unyoya huo ndio uliomdondoka Corinne katika ngoma ya kiangazi, miaka mitatu nyuma. Unyoya wa tai ukianguka hauokotwi ovyo. Ngoma hunyamaza, watu husimama, na askari mkongwe huitwa auinue kwa heshima, kama anayemwinua mwenzake aliyeanguka vitani. Siku ile wa kuitwa alikuwa Babu. Na Babu alikuwa anatetemeka, tena mwaka uliotangulia alijikojolea palepale uwanjani. Wasichana wa vijiji vingine walikuwa wanatazama. Corinne akainama kama anayefunga kiatu, akauficha unyoya kifuani, akaendelea kucheza.

Alipoinua macho alimwona Babu ameshanyanyuka nusu, mkono kwenye mkongojo. Wakatazamana. Babu akaketi taratibu. Hakuingia tena uwanjani hadi kufa kwake.

Sasa Bibi Eunice alikuwa jikoni mwa ukumbi, anapakua, Corinne kando yake.

"Mbona umejikunja hivyo? Sema lako ukae, watu wana njaa."

"Sina la kusema, Bibi."

"Huna? Nitakupa mimi. Ule unyoya uliouangusha, babu yako aliniambia siku ileile. 'Leo mtoto kanisitiri,' alisema. 'Kajua miguu hii isingefika.' Amekufa anakushukuru."

Uso ulimwaka Corinne. Lawama angeistahimili, lakini shukrani ile ilimvua nguo. Angeweza kunyamaza tu, heshima yake ibaki, na marehemu mwenyewe ndiye aliyempa njia. Alijichukia kwa jinsi njia ile ilivyomvutia.

Zamu yake ilipofika alisimama, unyoya mkononi.

"Babu alisema nilimsitiri," alisema. "Sikumsitiri. Niliuokota mwenyewe kwa sababu nilimwonea haya mbele ya wasichana wa vijiji vingine. Yeye alikuwa ameshaanza kuinuka aje."

Mjomba Delbert, aliyepigana Vietnam, alisogeza kiti chake nyuma, akaja, akaupokea unyoya kwa mikono miwili.

"Huu utakaa kwangu hadi kiangazi," alisema. "Siku ya ngoma tutausimamishia watu, uinuliwe inavyopasa, na wewe utasimama katikati wakuone."

"Wote, Mjomba?"

"Wote. Hata hao wasichana wako."

"Nitasimama."

Bibi Eunice alikuwa anaitazama sahani ya mumewe mezani.

"Umesema alikuwa ameshaanza kuinuka?"

"Ndiyo, Bibi. Mkongojo ulikuwa mkononi."

Bibi akaisogeza sahani kidogo, ikae sawa mbele ya kiti kitupu.

"Basi angefika," alisema.