Landrova la Mnadani

Mume wangu aliponiambia amenunua gari, nilipiga kigelegele. Naomba hilo lieleweke, maana baadaye watu walinisema kwamba nililichukia lile landrova tangu mwanzo. Uongo mtupu. Nilipiga kigelegele kwanza, nikaliona baadaye.

Lilitoka kwenye mnada wa magari mabovu ya serikali, na lilikuja Kariakoo likisukumwa. Ilibidi tung'oe mabati ya ua ndipo lipite. Milango halina. Kiti cha dereva chuma kitupu. Pale abiria anapoweka miguu palikuwa pameota majani, tena mabichi, yamestawi. Nikamuuliza, "Baba watoto, hili ndilo gari?"

"Ndilo," akasema, anafuta jasho. "Linataka matengenezo kidogo."

Kidogo! Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita, wapangaji wanne, na jiko letu sote lilikuwa hapo hapo uani. Miezi minane nilipika nimeegemeza mgongo kwenye bampa. Kuku wa mpangaji mmoja akaona chini ya boneti panamfaa, akataga humo mayai kumi na moja, na mume wangu akasimamisha kazi wiki tatu nzima mpaka vifaranga vitoke. Mimi nikiomba anipishe nisonge ugali, hakuna nafasi. Kuku akiatamia, fundi anatembea kwa kunyata.

Lakini nilijua kilichokuwa kinamkereketa. Miaka ishirini na miwili alikuwa dereva wa ofisi ya serikali, na mama yangu mzazi, aliyekuwa akikaa Magomeni, hakumtaka tangu siku ya posa. "Dereva wa mali ya watu," alisema. Na kwa desturi yetu mkwe na mama mkwe hawazoeani. Mama akimwona anajitanda khanga mpaka puani, yeye anachuchumaa kule, na neno lolote linapitia kwangu. "Mwambie mwenzio hivi." "Mwambie mama vile." Miaka yote hiyo wamekaa hatua tatu wasisemezane hata neno moja, mimi ndiye simu yao. Sasa kaka yangu wa Tabora alikuwa ameandika kwamba akipata nyumba kubwa atamchukua mama akaishi naye moja kwa moja. Mume wangu alitaka, kabla mama hajaondoka, amwone ana gari lake mwenyewe. Hakunitamkia, lakini mimi ni mkewe, si jirani.

Basi nikamsaidia, huku namtukana. Miaka ile hata kiberiti ulikipangia foleni, sembuse spea. Kule Mchafukoge kulikuwa na mfanyabiashara mmoja Mchaga, mcha Mungu, kila Jumapili kanisani, ambaye dukani kwake rafu zilikuwa na chupa tupu za soda na kalenda ya mwaka uliopita. Ukimuuliza plagi anakuonyesha ile kalenda. Lakini mkewe alionja mafuta yangu ya nazi, yale ninayokamua mwenyewe, na tangu siku ile kila nikipeleka chupa, kitu kinachomoza kutoka chini ya kaunta kimefungwa gazeti. Chupa moja, plagi. Chupa mbili, feni belti. Kabureta nililikunia nazi mpaka vidole vikavimba.

Visivyokuwa kwa Mchaga vilitoka kwangu. Siku moja natafuta mkoba wangu wa ngozi wa sikukuu ya Idi, nautafuta chumba kizima, namkuta baba watoto amejiinamia na mkasi anakata gasketi. "Ngozi nzuri hii," ananiambia, eti ananisifia! Viti akavijaza makumbi ya nazi, akavivika khanga yangu mpya ambayo hata maji ilikuwa haijaonja. Mafuta ya breki yalipokosekana mji mzima, akafanya walivyokuwa wakifanya wenzake, akatia maji ya sabuni. Sabuni ile nilikuwa nimeipangia foleni asubuhi nzima, nikakanyagwa na mama mmoja mnene ambaye mpaka leo nikikutana naye namkumbusha. Nilinuna siku nne. Siku ya tano injini ikawaka, uani pakajaa moshi, nguo za wapangaji kwenye kamba zikawa nyeusi ti, na mume wangu, mtu mzima mwenye mvi, akacheza mdundiko peke yake katikati ya masufuria. Jamani, nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamsamehe, ila mkoba sikumsamehe.

Rangi iliyopatikana ilikuwa ya waridi. Ya kupakia kuta. Akalipaka kwa brashi.

Barua ya Tabora ikaja: mama apande treni ya Jumatatu. Rangi yenyewe ilikauka Jumamosi jioni. Tukapanga Jumapili asubuhi tuende Magomeni, tumwonyeshe mama gari, kesho yake tumpeleke stesheni. Lakini gari jipya haliondoki hivi hivi kama halina wenyewe, lazima lisomewe dua. Nikapika pilau, tukamwita maalimu wa mtaa. Loo! Maalimu akaombea matairi. Akaombea usukani. Akawaombea wote waliowahi kulipanda lilipokuwa la serikali, marehemu na walio hai. Pilau likaliwa, kahawa ikanywewa, halua ikazunguka, akaanza upya. Tunanyanyuka, mume wangu anatazama saa, uso ukamsawijika. Saa nane na dakika tano.

Enzi zile mafuta yalikuwa yanabanwa, na Jumapili ikishapita saa nane mchana gari la mtu binafsi marufuku barabarani. Watu walikuwa wakiiba njia. Mume wangu? Thubutu! Hakuwahi hata kupiga honi mahali isiporuhusiwa.

"Siwashi," akasema.

"Mama anaondoka kesho!"

"Siwashi."

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Ndipo jirani mmoja akasema kilichokatazwa ni kuendesha, kusukuma hakukukatazwa. Hapo hapo vijana wa mtaa, wameshiba pilau langu, wakalishika. Nikakaa mbele na gauni la Idi. Mume wangu akashika usukani, amenyooka, utafikiri amembeba mkubwa wake wa kazi. Gari zima, jipya, injini kama cherehani, linasukumwa kupita Jangwani kwa wimbo! Askari akatusimamisha, akagusa boneti, akaikuta ya baridi. Akamtazama mume wangu, akanitazama mimi, akageuka pembeni mabega yanamtikisika.

Mama alikuwa kibarazani. Alituona tunavyokuja: kitu cha waridi kinasukumwa na watu ishirini. Akajitanda.

"Mwambie mwenzio," akasema, mwenzangu mwenyewe kasimama pale pale, "ahsante kwa kuniletea nilione. Kesho nitatafuta mkokoteni."

Nikaeleza habari ya saa nane. Nikaeleza habari ya dua. Mume wangu akaliwasha pale lilipo ili asikie, maana kuwasha si kutembea. Likanguruma vizuri kabisa.

"Mwambie nimesikia," mama akasema. "Hata mashine ya kukobolea inanguruma."

Vijana wakamsukuma mume wangu kurudi Kariakoo. Nilimtazama mikono yake pale kwenye usukani, kucha zimejaa grisi ya miezi minane, nikaona uchungu ambao sikutegemea. Nilimwonea hasira mama yangu mzazi, nasema kweli.

Jumatatu tulifika Magomeni kwa moto wetu wenyewe, majirani wakatoka kushangaa. Mama akajitanda. Tukapakia kitanda chake, kinu, mapipa mawili na kapu la kuku, nyuma pakajaa pomoni. Nikamwambia apande nyuma na mimi, kama desturi ilivyo. Akainua mguu, goti likagoma. Akajaribu mguu wa pili, nao ukagoma. Kiti kilichobaki ni cha mbele, ubavuni mwa mkwewe. Tulisimama pale kitambo, watatu sote tunatazama chini. Mwishowe mama akajifunika gubigubi, akapanda mbele, akabaki khanga tupu iliyokaa kitini. Mimi nikapanda nyuma, mguu mmoja ndani ya kinu.

Tukaenda. Baba watoto amebana upande wake mpaka bega limetokeza nje. Tumefika Jangwani, mvua za nyuma zilikuwa zimechimba barabara, na khanga ikafunuka ghafla.

"Baba, shimo hilo!" mama akapiga kelele.

"Nimeliona, mama," akajibu.

"Umeliona nini, wewe! Kata huku! Huku! Si huko!"

Khanga haikurudi tena usoni. Alimfokea Jangwani yote, akamfokea mjini kote, kwenye kila kona, mpaka stesheni, akinyoosha kidole mbele ya pua ya mkwewe. Na mume wangu kila neno anaitika, "Ndiyo, mama. Sawa, mama," machozi yanamtiririka mashavuni, hayafuti.