Visiki vya Korongoni

Kwetu ni milimani Kondoa. Baba alizoea kushuka Dodoma na punda wake kuuza tumbaku, na huko akafahamiana na kijana mmoja wa Kigogo, mrina asali. Wakauziana, wakaaminiana, na mwisho wa urafiki huo mimi nikaolewa. Kijana alisilimu ili baba aridhike, ingawa mizinga yake aliendelea kuizindika kwa dawa kama walivyofanya babu zake, nami sikumsema. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, kwa kuwa mimi sikujua Kigogo na yeye hakujua Kirangi. Mama mkwe hakuwa na Kiswahili wala Kirangi. Asubuhi nilimwambia mbukwa, salamu yao, naye akaitikia, na hapo mazungumzo yetu yakaishia.

Tembe letu lilikuwa juu ya korongo la mchanga, si mbali na reli. Kingo zote mbili za korongo zilifunikwa na msitu wa migunga na mikole, na humo ndimo mume wangu alimotundika mizinga. Migunga ilipochanua, ukisimama mlangoni ulisikia msitu unanguruma. Chini ya kivuli wanawake tulichimba visima mchangani, tukakaa na kata zetu tukingoja maji yajikusanye. Nilipapenda mahali pale. Nilikuwa mgeni, na pale hapakuhitaji lugha. Ulisogea tu, mwenzako akachota.

Habari ya kwamba Wajerumani na Waingereza wanapigana tuliisikia kama habari ya watu wa mbali. Kisha gari moshi likaanza kupita mara kwa mara, limejaa askari na mizigo, na kila lilipopita lilitaka kuni. Jumbe akaamriwa kutoa watu wa kukata miti. Mume wangu akachukuliwa. Nililia nikidhani anapelekwa vitani, kumbe anapelekwa korongoni kwetu, hatua chache kutoka mlangoni, apewe shoka aukate msitu wenye mizinga yake.

Msimamizi wa ukataji alikuwa mtu wa Pwani, mpole kwa sauti, lakini aliwaogopa sana waliomtuma. Mume wangu alimwomba ruhusa ya kushusha mizinga kwanza. Alifikiri kidogo, akasema ashushe, ila nyuki wakimuuma mtu hata mmoja, yeye msimamizi hajui lolote.

Tukaishusha mizinga jioni hiyo kwa moshi wa mavi ya ng'ombe, tukaipanga juu ya paa bapa la tembe, kwa kuwa mahali pengine hatukuwa napo. Mama mkwe alituangalia kutoka uani. Kesho yake nyuki walimuuma sikioni, akachukua ngozi yake ya kulalia akahamia kwa dada yake. Mume wangu alicheka hadi akakaa chini. Nami nilicheka, ingawa nilijua kosa lile nitahesabiwa mimi.

Basi wakakata. Nilipowapelekea uji niliona kwamba mume wangu hakati karibu na ardhi kama alivyoagizwa. Alikata usawa wa goti, kwa mshazari, akiacha kisiki kirefu chenye gome safi. Msimamizi naye akaliona.

"Unaacha kuni nzuri ardhini," akamwambia.

"Mgongo, bwana. Nikiinama zaidi ya hapa sitainuka."

Msimamizi akatikisa kichwa akaenda zake. Kabla ya jua kuzama, wakataji wote walikuwa wanaumwa mgongo. Nilipomuuliza mume wangu maana yake, alisema mgunga uliokatwa chini kabisa hufa, na uliokatwa gotini huchipua ukipenda. Hakuwa na hakika utapenda.

Kazi ilipokwisha niliiona reli kutoka mlangoni kwangu kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo nilikuwa naisikia tu. Upepo uliingia ndani na vumbi, ukakaa katika unga na katika mlenda. Nyuki wa paani walikosa maua, wakaondoka kundi baada ya kundi, ukabaki mzinga mmoja wenye uhai, na mama mkwe akarudi nyumbani. Mvua iliponyesha, kingo zisizo na miti ziliporomoka, maji yakashuka mekundu na mazito, na yalipokauka visima vyetu vilikuwa vimezikwa kwa tope lililokauka gumu kama sakafu. Tukawa tunafuata maji nyuma ya vilima, asubuhi yote ikiishia njiani.

Hata hivyo visiki vilichipua. Niliona majani madogo yakitoka pembeni ya gome, na siku ile ile niliona mbuzi wa mama mkwe wakiyatafuna. Nikamwomba mume wangu amweleze mama yake kwamba tuvizungushie miiba mpaka machipukizi yakue. Alimweleza, akarudi na jibu.

"Mama anauliza, mbuzi wake wale nini? Mawe?"

Lilikuwa swali la haki. Hapakuwa na majani mengine. Hata hivyo nilinuna, na mama mkwe aliona kwamba nimenuna, naye akanuna kwa upande wake.

Kisha vita vikasogea. Askari wa Wajerumani walipita wakielekea kusini, wamechoka, na walichukua walichokiona: mtama uliokuwa ghalani, ng'ombe wetu, na mbuzi wote wa mama mkwe. Mume wangu walimchukua awabebee mizigo. Mama mkwe aliingia katika boma la mbuzi, akakaa juu ya samadi iliyokuwa bado na joto. Nilikwenda nikakaa kando yake, maana sikuwa na neno la Kigogo la jambo kama lile. Tulikaa hadi alipoinuka mwenyewe.

Asubuhi sikumkuta ndani. Nilimkuta bomani, akiung'oa ua wa miiba na kuyaburuta matawi yake kuelekea korongoni. Alinitazama, akasema kwa Kigogo pole pole ili nimwelewe, maana kidogo nilikuwa nimeanza kukisikia:

"Boma tupu la nini? Shika upande huo."

Nikashika. Tuliburuta miiba mpaka mikono ikatoka damu, tukazungushia kila kisiki kilichoonyesha kijani, maana mbuzi wa majirani waliofichwa vichakani walikuwa wamesalia. Kwetu milimani maji yakianza kuchimba shamba tunayawekea mawe, nami nikapanga mawe kando ya mifereji iliyokuwa inashusha tope. Hakuniuliza sababu. Aliokota mawe akaniletea, na alipoona nimeweka vibaya alilipindua jiwe kwa mguu wake likakaa sawa. Wanawake wa jirani walikuja kutucheka, wengine wakabaki kusaidia.

Mume wangu alirejea kabla ya masika, amekonda, nyayo zimepasuka. Alikuwa ameutua mzigo vichakani akageuka. Waingereza walikuwa wamekwisha ingia Dodoma, madaraja ya reli yamevunjwa, na kwa muda hakuna aliyekuja kutaka kuni. Tulimlisha uji, kisha mama yake akamshika mkono akamshusha korongoni kumwonyesha. Kila kisiki kilikuwa na fimbo saba au nane zimesimama, nyingine zimenifika kiunoni. Alizishika moja moja kama mtu anayepapasa mbavu za ndama.

Sitasema msitu ulirudi. Ile migunga mirefu sikuiona tena maishani mwangu. Kilichoota kilikuwa kichaka kifupi chenye mashina mengi, na vita viliacha njaa ambayo sipendi kuisimulia. Lakini katika njaa hiyo kichaka kilitupa kivuli, na kivulini mlikuwa na mboga za mwitu. Maji yalisafishika, tukachimba tena visima tukipasua lile tope kwa majembe mpaka tukafika kwenye mchanga mweupe wa zamani.

Siku tuliyofika mchangani mama mkwe aliingia kisimani mwenyewe, akachota kata ya kwanza, akanipa mimi kabla ya mwanawe. Nilikuwa na mimba ya kwanza wakati huo. Maji yalikuwa baridi, yana ladha ya udongo kidogo, nami niliyanywa yote nikiwa nimesimama, huku yeye akinisogezea kata ya pili.