Kadi Mbili na Harusi ya Mdogo Wangu

Mimi sijui kutulia. Hata chai nainywa nimesimama, nikichungulia kompyuta kama imemaliza kazi niliyoipa. Mume wangu husema siku moja nitazikwa nikiwa na haraka, nami humjibu kwamba angalau sitachelewa. Nahariri video za harusi nyumbani kwetu Mkuyuni, kando ya ziwa, na mwezi ule nilikuwa na harusi moja tu kichwani: ya mdogo wangu.

Mama hakuiona harusi ile. Alikuja na meli kutoka Ukerewe siku chache kabla, na kitenge chake kipya, lakini asubuhi ya harusi presha ikampanda, akalazwa. Aliporuhusiwa akaja kukaa kwangu. Macho yake nayo yalikuwa yanafifia. Daktari alishasema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Mama mwenyewe ukimuuliza alijibu, "Naona, mwanangu, naona." Jumamosi kamati ya harusi ilikuwa inavunjwa, na kama ilivyo kawaida watu wangekula, wangepongezana, kisha wangetazama video. Mama angekaa mbele kabisa. Nilitaka video iwe kubwa, safi, isiyokwama hata kidogo, ili nuru ya macho iliyobaki imtoshe. Niliogopa kwamba hiyo ingekuwa nafasi yake ya mwisho kumwona binti yake ndani ya shela.

Ndiyo maana ugomvi wa kadi ukaanza. Kompyuta yangu na ya mume wangu zilikaa meza moja, kila moja na kadi yake ya picha, kile kipande cha ndani kinachochora kila kitu unachokiona kwenye kioo. Zote mbili zilikuwa za zamani, zimeshapita mikono ya watu. Yangu ilikuwa na feni moja na memori ya jibii nne. Ya mume wangu ilikuwa na memori nusu ya hiyo, ila nguvu ilinizidi: feni mbili, waya wake wa ziada wa umeme, na kelele kama mashine ya kusaga.

Mjini kwetu kadi hupimwa kwa mpira. Ukienda kununua, fundi anawasha gemu, anamkimbiza mchezaji pembeni mwa uwanja, na nyasi zisipokatikakatika kadi imefaulu. Kwa kipimo hicho mume wangu alishanishinda zamani.

"Yako mchezaji akipiga chenga inakwama," aliniambia. "Lete kazi kwangu, itatoka chap."

"Mimi sihariri mpira."

Lakini ile "chap" ilishaniingia. Nikachukua kipande kimoja, pale bibi harusi anapoingia ukumbini, kwa sababu kina kila kinachoitesa kadi: taa zinazozunguka, shela yenye vitundu vidogo, watu wanaorusha karatasi za rangi. Nikakiweka kwenye kompyuta zote mbili. Ya mume wangu ilianza kwa mbio, nami nikaona wivu wa wazi kabisa. Kisha picha za kamera, ambazo ni nzito, zikaijaza ile memori ndogo, na video ikaanza kuruka: bibi harusi yuko mlangoni, mara yuko katikati ya ukumbi. Yangu ilijikokota mwanzo hadi mwisho, na haikuruka hata fremu moja. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikapunguza ukubwa wa picha, nikajaribu tena, nikabadili hiki, nikarudisha kile. Nilitaka mbio za ile na usafi wa hii.

Siku zikaenda hivyo. Mama alikaa kwenye kochi nyuma yangu, na wimbo ule ule wa kuingilia ukawa unaanza na kukatika, unaanza na kukatika. Hakulalamika. Mara mojamoja alisema, "Wimbo mzuri huo." Mimi nilijibu, "Subiri Jumamosi, Mama, bado haijakaa sawa," bila hata kugeuka.

Alhamisi jioni kadi ya mume wangu ilichemka mpaka kompyuta ikajizima. Nikafanya kosa ambalo mtu wa hapa hatakiwi kulifanya. Nilifungua ubavu wa kompyuta, nikafungua na dirisha la upande wa ziwa ili upepo uipoze, nikaiwasha tena, halafu nikaenda kupika huku taa inawaka. Niliporudi, vijidudu vya ziwani vilishajaa chumbani. Anayekaa huku anavijua: huinuka majini kama moshi na kufuata mwanga wowote. Vilitanda ukutani na kwenye vioo, na feni za kadi zilikuwa zimevivuta ndani hadi vimegandamana. Mume wangu alizisafisha kwa brashi ya rangi, kijidudu kimoja kimoja. Niliona aibu, na mimi nikiona aibu nakuwa mkali, kwa hiyo nikagombana na sufuria.

Asubuhi nikasema basi, Mama ndiye mtazamaji, aamue yeye. Nilimwamkia, akaitikia, nikamketisha mbele ya vioo viwili na kuanzisha kipande kile pande zote kwa pamoja.

"Angalia vizuri, Mama. Kuna hii ya kulia na hii ya kushoto. Ipi nzuri?"

Alisogeza uso mbele, akatabasamu. "Ya kulia. Mdogo wako kapendeza sana hapo. Ona anavyotembea."

Kulia ilikuwa ya mume wangu. Niligeuka nikiwa tayari kubisha. Kioo kilikuwa cheusi. Kadi ilikuwa imechemka tena na picha imekata, wimbo tu ndio ulioendelea.

Mama alikuwa bado anakitabasamia kioo kile. Hapo nikaelewa kwa nini wiki nzima alikuwa akienda bafuni akipapasa ukuta, jambo nililodhani ni unyonge wa hospitali. Alikuwa haoni tena, na alinificha kwa kuwa hakutaka kuniharibia kazi niliyokuwa nikimfanyia yeye. Niliumia sana, na kwa mara ya kwanza wiki ile sikuwa na jambo la kukimbilia. Nikaizima kompyuta ya kulia, nikakaa chini kando yake.

"Mama, acha nikusimulie."

Hakujitetea. Akanishika mkono, akauliza, "Anapoingia, anaangalia wapi?"

Sikujua. Kipande kile nilishakitazama hadi nakiota, lakini nilichotazama ni kingo za shela na fremu zinazoruka. Nikakirudisha mwanzo na kumwangalia mdogo wangu usoni. Mumewe alikuwa amemshika mkono, watu wanamshangilia huku na huku. Yeye alikuwa amegeuza shingo kuelekea meza ya wazazi, ambako mama mdogo alikalia kiti cha Mama.

"Anakutafuta wewe," nikamwambia.