Mrututu wa Muuza Mahamri

Nilikuwapo mwenyewe, wallahi, nimesimama foleni nyuma ya muuza mahamri zahanatini Likoni. Bibi huyo alitaka cheti cha kurudi kazini, maana choa cha mkononi kilikuwa kimemfungia biashara.

Dresa, yule mtibabu wa zahanati, akashtuka. "Mbona mkono wa buluu, bibi?"

"Mrututu, mwanangu. Mafuta yako nimepaka miezi mitatu, choa kikazidi kunenepa."

"Mrututu ni jiwe la shaba, ni sumu! Sahihi yangu huipati."

Bibi akaubwaga mkono mezani. "Nionyeshe choa kilipo. Usipokiona, tia sahihi."

Dresa akaugeuzageuza, akatia sahihi. Kisha akanong'ona huku akijikuna shingo: "Bibi, huuchanganya na nini?"

"Kapange foleni, mwanangu."

Mnaocheka dawa zetu, chekeni. Ila ile shingo ya kuwasha, nakiri, nimeiongeza mimi kwenye kisa.