Hodi Kabla ya Kupasua

Kila nilipoinama kupasua, mjomba wangu aliinuka akatoka nje. Kupasua ndivyo tulivyoliita pigo la kwanza la biliadi, lile la kutawanya mipira iliyopangwa kwa pembetatu, na katika chumba cha chai cha mama mmoja karibu na stendi ya Kamembe, mwanamume alipimwa kwa pigo hilo. Vipimo vingine tulikuwa tumevipoteza. Mjomba alikaa kwenye benchi mchezo mzima, akifuatilia kila mpira kwa jicho la fundi cherehani, lakini zamu yangu ya kupasua ikifika, alikumbuka ghafla kwamba lazima akaangalie mawingu.

Alikuwa kaka wa mama yangu. Vita vya Kongo vilipoanza mara ya pili, alivuka mpaka kutoka Bukavu na cherehani begani, akaja kukaa nasi. Hatukumwuliza aliyoyaona, naye hakutuuliza yaliyotupata kwetu. Nyumba nyingi za Kamembe ziliishi kwa adabu hiyo. Nilimpenda, kwa hiyo niliumia. Nilikuwa seremala kijana, mikono ninayo, na mtu pekee niliyetaka anione nikipasua alikuwa ananipa mgongo.

Nikaamua kwamba pigo langu ni dhaifu, ndiyo maana halitazamiki. Akili yangu ya wakati ule ilifika hapo ikapiga kambi.

Nikaanza kujifunza. Dereva mmoja wa lori, aliyeleta saruji kutoka Bugarama, alinifundisha kutokamua fimbo, bali kuuacha mkono wa nyuma ndio upige. "Unaikamata sana, petit. Ishike polepole, mukono ya nyuma njo itapiga." Mengine niliyagundua mwenyewe. Mwendo wa fimbo ni ule wa kusukuma randa: bega linatulia, kiwiko kinafanya kazi, na mkono hausimami pale ubao unapoishia. Nikauweka mpira mweupe wa kupigia kando kidogo badala ya katikati. Meza ilikuwa imeinama upande wa ziwa, nikaichongea kabari ya mguu. Alasiri baada ya swala, kabla wengine hawajaja, nilipasua na kupanga, nikapasua na kupanga, mpaka mama wa chai akauliza kama kwetu hakuna kazi.

Baada ya wiki chache pigo langu lilisikika mpaka kwa wauza ndizi ng'ambo ya barabara. Mpira mmoja mmoja uliruka nje ya meza, na watu walisimama kunitazama. Mjomba naye aliendelea: zamani aliishia mlangoni, sasa alifika barabarani. Kisha akaacha kuja kabisa. Nikamwambia mama kwamba kaka yake ana wivu. Mama aliendelea kuchambua maharage.

Siku moja mpira ulioruka ulichana kitambaa cha meza. Mama wa chai akamwita mjomba akishone, asubuhi, wateja wakiwa hawajafika. Nami nikaenda, eti kukagua kabari. Nilimkuta anashona ukingoni mwa meza, upande ulio mbali na mlango. Nikaona leo hana pa kwenda. Alipokata uzi na kugeuka kukunja kitambaa kilichobaki, nilipanga mipira taratibu nyuma ya mgongo wake, nikapasua.

Lilikuwa pigo bora la maisha yangu. Mipira miwili iliingia papo hapo. Nikainua kichwa kupokea sifa, sikumwona mtu. Mjomba alikuwa sakafuni, kifudifudi, mikono kisogoni, sindano ingali katikati ya vidole.

Aliinuka akajipangusa vumbi, na aliyeomba msamaha akawa yeye. "Unisamehe, mupwa. Mwili njo unaendaka peke yake. Miye nabakiaka hapa."

Niliona aibu ambayo sijaiona tena. Muda wote ule nilikuwa nikinoa mlio wa bunduki, na aliyeukimbia nikamwita mwenye wivu.

Siku hiyohiyo nikatunga sheria: anayepasua apige hodi kwanza, na asipasue mpaka aitikiwe karibu. Niliogopa kuchekwa. Hakuna aliyecheka. Yule dereva wa saruji alikuwa wa kwanza kuitikia, na hodi ya pili tu nikamwona mama wa chai akitua birika mezani kabla ya kujibu. Kumbe tulioubeba mlio wa bunduki tulikuwa wengi.

Kwa upande wangu nikajifunza upya, safari hii kupasua kwa kubembeleza, mipira ikiachana bila kelele. Nikawa mpasuaji mbovu kuliko wote Kamembe. Mjomba akarudi kwenye benchi lake, naye akawa anaitikia hodi zangu kwa sauti ndogo, macho yakiwa mezani.

Ijumaa moja, tumetoka msikitini, aliniambia, "Mupwa, leo pasua ile yako ya nguvu. Nitaikala, sitatoka."

Nikakataa. Akarudia, "Pasua." Kisha akashika ubao wa benchi kwa mikono miwili.

Nikapiga hodi. Chumba kizima kilimwachia yeye aitikie.

"Karibu," akasema.

Nikavuta mkono nyuma, nikapiga kwa nguvu zangu zote. Lakini miezi ya kubembeleza ilikuwa imeniharibu. Fimbo iliteleza, mpira mweupe ukazunguka kando ya mipira yote bila kugusa hata mmoja, ukajiendea zake, ukatumbukia shimoni kimya.

Mjomba aliachia benchi, kidole kimoja kimoja. Akalitazama shimo, akanitazama mimi.

"Ni hii njo nilikuwa nakimbiaka?"

Akacheka mpaka akashika mbavu, na mama wa chai akacheka naye. Mimi niliinama kuutoa mpira shimoni, nikakawia sana huko chini, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka anione.