Namba ya Pili ni ya Marubani

Nyumba yetu ya Musonoi, hapa Kolwezi, ilikuwa na paa, ila paa lenyewe halikuwa letu. Baba, karani wa depo mgodini, alikataa katakata kulipigilia misumari. Yale malata, kama tulivyoyaita mabati, aliyanunua kwa ajili ya nyumba atakayoijenga kwao Kasai akistaafu, na bati lenye matundu halimfai mtu aliyefanikiwa. Sisi tuliyaazima tu. Yalikaa juu ya vichwa vyetu yakikandamizwa na mawe mazito ya kijani kutoka kwenye vifusi vya mgodi, yakisubiri treni ya kuyapeleka Kasai.

Nyumba ya Kasai tuliijua kuliko hii tuliyolala. Baba aliijenga upya kila jioni tukila bukari, ugali wetu: baraza, sebule, viti vya wageni. Mimi, binti yake wa kwanza, nilikuwa na chumba chenye dirisha linalotazama bustani. Mama, aliyezaliwa hapa hapa Kolwezi na hajawahi kuiona Kasai, alipewa jiko kubwa. Alishukuru, kisha akaomba misumari.

Baba alikuwa na jibu la kisayansi. Akitoka kazini kwa baiskeli alipitia uwanja wa ndege, ambako rafiki yake alipima upepo na kumtabiria wa kesho. Rafiki alimpa namba mbili: ya kwanza kasi ya wastani, ya pili kasi ya rafale, yaani lile pigo la ghafla linalokuja na kupita kabla hujashika kofia. Baba alichukua ya kwanza, akaileta nyumbani kwa fahari kama kilo ya nyama, na kwa namba hiyo akaamua mawe ya kuongeza au kupunguza. Mama akauliza ile ya pili inabaki wapi.

"Ile ya pili ni ya bapilote," baba akasema. "Mi sina ndege."

Wastani ni kitu kizuri mno. Kwa wastani, upepo wa Kolwezi ni mpole, na kwa muda mrefu mawe yalishinda. Baba akawa havumiliki. Majirani wakimwuliza kama waanike nguo, aliwajibu kwa mita kwa sekunde, nao wakaanika walivyotaka.

Ikafika Oktoba. Utabiri ulisema upepo hafifu, basi baba akapunguza mawe, maana yalikuwa yanabonyeza mabati ya Kasai. Alasiri wingu jeusi likapanda upande wa mashimo ya mgodi, vumbi jekundu likatangulia, halafu pigo moja tu. Mawe yakaporomoka uani. Sisi tulikuwa chini ya meza, na tulipotazama juu tuliona mbingu. Bati moja lilitua kwenye banda la kuku la jirani, mengine yalijikunja kwenye ua. Kisha kukawa shwari. Nina hakika kwamba kwa wastani siku ile ilikuwa tulivu.

Baba alisimama katikati ya sebule, kichwa wazi, mvua ya kwanza ikimdondokea. Mama alikuwa anatufuta vumbi usoni.

"Tata, ndege yako inaisha kuruka," akamwambia baba, yaani imesharuka.

Baba akatoka uani kuokota mabati.

Asubuhi aliyagonga mabati yanyooke, lakini bati lililokunjika halitulii chini ya jiwe. Linataka msumari. Alilijua hilo kabla ya yeyote kumwambia, akaenda kununua, akapanda ngazi. Mama, aliyeomba misumari miaka yote hiyo, alimpa mmoja mmoja bila kutabasamu. Ule wa kwanza baba aliushika muda mrefu. Kisha akapiga. Roho iliniuma, kwa kuwa kila msumari ulipita katikati ya sebule ya Kasai ambamo tulikuwa tumeshapanga viti. Nikamwuliza kutoka chini, na chumba changu chenye dirisha?

Akanichungulia pale palipokuwa bado wazi.

"Chumba yako ndiyo hii," akasema, akavuta bati la mwisho likapafunika, akaendelea kupigilia.